Nilivyoizima Waifai kwa Mkono Wangu Mwenyewe

Steshenari yangu iliyopo Mwanga, mjini Kigoma, inategemea kompyuta mpakato moja ya mtumba yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na kazi zake ni zile ambazo mwenye steshenari yeyote anazijua: kuchapa mitihani ya walimu, kuskani vyeti, kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo, na kutuma nyaraka za wafanyabiashara wa dagaa na mawese wanaopanda kutoka Kibirizi wakiwa na haraka zao. Intaneti ya dukani hutoka kwenye kifaa kidogo cha waifai kinachotumia laini ya simu, nacho hakina tundu la waya wa mtandao. Kwa hiyo waifai ya kompyuta ikilala, na duka limelala.

Jumamosi jioni, baada ya kufunga, niliamua kupandisha toleo la Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04. Yote mawili ni matoleo yanayohudumiwa kwa muda mrefu, na lile la 22.04, lililotoka Aprili 2022, lilikuwa bado linapokea masasisho yake kama kawaida, hivyo hakuna aliyekuwa ananikimbiza. Haraka ilikuwa yangu tu. Programu ya kupandisha toleo ilipima diski ikanijibu kwamba nafasi haitoshi. Diski yangu ni ya GB 128, na sehemu kubwa yake imejaa picha za pasipoti za watu ambao hawatarudi tena kuzichukua. Badala ya kufuta picha hizo, nilifungua orodha ya vifurushi vya programu vilivyosakinishwa nikaanza kuondoa kila ambacho jina lake sikulielewa. Vilikuwemo vifurushi kadhaa vinavyoanza na jina linux-headers, vikiwa na mkia mrefu wa tarakimu. Nikadhani ni mabaki ya kerneli za zamani (kerneli ni kiini cha mfumo, kinachosimamia vifaa vya kompyuta), nikavifagia vyote. Kompyuta haikulalamika. Upakuaji uliozidi GB 1 ulikamilika usiku ule ule kwa waifai ile ile, nami nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi ya Jumapili alama ya waifai haikuwepo juu ya skrini. Nasisitiza kwamba haikuwepo kabisa, maana ingekuwa imezimwa tu ningeiona ikiwa na mstari wa kukatwa. Nilipofungua mipangilio, ukurasa wa waifai ulinieleza kwamba hakuna adapta iliyopatikana. Amri ya nmcli device ilionyesha tundu la waya na kile kifaa cha ndani kiitwacho lo, lakini jina linaloanza na wl, ambalo ndilo jina la kadi ya waifai, halikuonekana popote.

Saa tatu zilizofuata nilizipoteza kwa njia ambazo naamini wengi wanazipitia, na moja kati ya njia hizo iliniongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Nilianza kwa kubonyeza kitufe cha ndege kwenye kibodi mara nyingi kuliko inavyostahili. Kisha nikaendesha rfkill list, amri inayoonyesha redio zilizofungiwa, iwe kwa programu au kwa swichi; ikanionyesha bluututhi peke yake. Jibu hilo lilitosha kunieleza kwamba kitufe hakihusiki, kwa sababu rfkill haiwezi kuizungumzia redio ambayo kerneli haijaitambua. Sikulisoma hivyo wakati ule. Niliingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, nikiwa na dhana kwamba labda waifai imezimwa huko, sikuona kitu cha kuwasha, na kwa kukata tamaa nikachagua kurudisha mipangilio yote ya kiwandani. Kumbuka kitendo hicho, kwa maana kilinigharimu mchana.

Ushauri unaotolewa mara nyingi katika hali kama hii ni kuwasha kompyuta kwa kerneli ya zamani. Ubuntu haifuti kerneli iliyotangulia mara tu mpya inapoingia, na ukibonyeza Esc wakati mashine inawaka utaiona menyu ya GRUB, yenye mstari wa chaguo za ziada ambamo kerneli zote zilizopo zimeorodheshwa. Mimi nilikuwa nimetoka 5.15 kwenda 6.8, kwa hiyo nilichagua 5.15 nikiwa na uhakika kwamba jana yake tu ilikuwa inashika waifai bila matata. Haikushika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba chipu yenyewe imeungua, nikawaza kuagiza adapta ya USB kutoka Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kukaa bila kazi mpaka ifike.

Kilichonirudisha kwenye akili ni amri moja ambayo ningepaswa kuianza nayo:

lspci -nnk

Amri hii huorodhesha vifaa vilivyounganishwa na ubao mkuu, na kwa kila kifaa hutaja namba yake ya utambulisho pamoja na draiva inayokiendesha. Kadi yangu ilikuwa palepale: Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Chipu iliyoungua kwa kawaida haijitaji namna hiyo. Jambo la maana lilikuwa kile ambacho hakikuandikwa: chini ya vifaa vingine vyote kulikuwa na mstari wa "Kernel driver in use" ukitaja draiva inayotumika, lakini chini ya kadi ya waifai mstari huo haukuwepo. Kifaa kipo, mwendeshaji hayupo. Nilipojaribu kumwita mwendeshaji huyo kwa sudo modprobe wl, kompyuta ilinijibu kwamba moduli hiyo, yaani faili ya draiva inayopakiwa kwenye kerneli, haipatikani katika kabrasha la kerneli 6.8.

Hapa inafaa nieleze kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuielewa kwa miaka yote niliyotumia Linux. Kadi nyingi za waifai huendeshwa na draiva zilizomo ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo kerneli mpya inapokuja, huja na draiva zake zikiwa tayari. BCM43142 haimo katika kundi hilo. Draiva zilizo wazi za Broadcom, yaani b43 na brcmsmac, haziihudumii, na inayobaki ni ile iitwayo wl, ambayo sehemu yake kubwa ni msimbo uliofungwa usioweza kuingizwa katika kerneli. Toleo lake la mwisho kutolewa rasmi ni 6.30.223.271, la mwaka 2015. Tangu hapo watunzaji wa mifumo kama Ubuntu na Debian ndio wanaoitia viraka ili iendelee kukubaliana na kerneli mpya. Huletwa kwetu katika kifurushi kiitwacho bcmwl-kernel-source, na neno la mwisho katika jina hilo linasema kweli: ni malighafi. Draiva hujengwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, upya, kila kerneli inapobadilika.

Mjenzi wa kazi hiyo ni mfumo uitwao DKMS, ulioanzishwa na kampuni ya Dell mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya draiva za aina hii hii. Kila kerneli mpya inaposakinishwa, DKMS huamshwa, huchukua msimbo wa draiva na kuunganisha moduli inayoendana na kerneli hiyo. Lakini hawezi kufanya hivyo kwa kukisia. Anahitaji faili zinazomweleza umbo la ndani la kerneli, mithili ya fundi cherehani anayehitaji vipimo vya mtu kabla ya kukata kitambaa. Na faili hizo zinaitwa heda, nazo hukaa ndani ya vifurushi vya linux-headers. Ndivyo vile vile nilivyovifagia Jumamosi jioni. Kerneli ya 6.8 iliingia, DKMS akaamka, hakukuta vipimo, akaandika onyo lake katikati ya maelfu ya mistari ambayo hakuna binadamu anayeisoma, akaendelea na safari.

Na kwa nini kerneli ya zamani nayo ilikataa? Swali hili lilinisumbua zaidi ya yote, na jibu lake nililipata baadaye. Kifurushi cha draiva nacho kilibadilishwa wakati wa kupandisha toleo, na kifurushi cha DKMS kinapobadilishwa, kwanza huondoa moduli zake za awali kwa kerneli zote, kisha hujaribu kuzijenga tena. Uondoaji ulifanikiwa, ujenzi ulishindikana kwa kukosa heda, za 5.15 na za 6.8 pia. Kwa hiyo nilijikuta na kerneli mbili nzima zisizo na draiva hata moja.

Amri ya dkms status ilithibitisha hayo kwa neno moja. Mbele ya jina bcmwl palikuwa pameandikwa "added", maana yake msimbo umepokelewa lakini haujajengwa. Neno linalotakiwa pale ni "installed", likiambatana na jina la kerneli unayoitumia.

Sasa nilijua ugonjwa na dawa yake, ila dawa ilikuwa mtandaoni, nami sina mtandao. Nilikuwa naandika majina ya vifurushi kwenye karatasi ili nikavipakue kwa kompyuta ya jirani na kuvileta kwa flashi, alipoingia mama mmoja mfanyabiashara wa mawese ambaye Ijumaa aliniachia ankara ya kumtumia mnunuzi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile karatasi yangu imeshafika?"

"Bado, mama, utuwie radhi. Kompyuta imegoma kushika mtandao tangu asubuhi."

"Na simu yako je, nayo imegoma?"

Nilibaki namtazama. Simu yangu ilikuwa na bando, ipo juu ya meza, imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo kwa waya ikijichaji. Nilifungua mipangilio ya simu, mahali pa hotspoti, nikawasha kusambaza intaneti kwa USB, na kabla mama hajaketi vizuri kompyuta ilikuwa imepata mtandao. Linux huitambua simu ya Android iliyounganishwa kwa namna hii kama kadi ya mtandao wa waya, na draiva yake imo ndani ya kerneli, kwa hiyo haihitaji kusakinishwa. Ankara ya mama ilitumwa saa ile ile, na tatizo langu la draiva likasubiri zamu yake.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika njia hii. La kwanza, hakikisha waya unapitisha data, kwa sababu nyaya nyingi za bei ndogo zinazouzwa stendi hupitisha umeme peke yake na zitakufanya udhani simu ndiyo mbovu. La pili ni bando. Kwa kuwa kompyuta inadhani imeunganishwa na waya usiolipiwa kwa MB, inaweza kuanza kujisasisha kimya kimya. Ingia katika mipangilio ya muunganisho huo na uweke alama kwamba data yake ina kipimo. Aidha, kwenye simu nyingi za Android, simu ikiwa yenyewe imeshika waifai, itaisambaza waifai hiyo kwa USB badala ya kula bando, nami baada ya kuligundua hilo niliiunganisha simu na kifaa cha dukani, nikaendelea bila hofu.

Amri zilizorudisha nilichokiondoa ni hizi tatu:

sudo apt update

sudo apt install linux-generic linux-headers-$(uname -r)

sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Kifurushi cha linux-generic hakina kitu ndani yake zaidi ya maagizo kwamba kerneli na heda zake ziletwe pamoja kila toleo jipya linapotoka. Nilipoondoa heda nilikuwa nimekiondoa nacho, kwa sababu kinazitegemea, na kukirudisha ndiko kunakonihakikishia kwamba sasisho lijalo halitaniletea kerneli peke yake. Kuhusu heda, upakuaji wake haukufika hata MB 25. Wenye kupita njia ya flashi wajue kwamba heda huja katika vifurushi viwili, kimoja chenye jina linaloishia na generic na kingine kisicho nalo, na cha kwanza hakikubali kusakinishwa bila cha pili.

Katikati ya usakinishaji kilijitokeza kidirisha kikinitaka nitunge nywila, nikaitunga. Kompyuta ilipowaka upya ilionyesha skrini ya bluu yenye kuhesabu sekunde 10 kurudi nyuma, ikisubiri nibonyeze kitufe chochote, na mimi wakati huo nilikuwa namkatia mtu karatasi za A4 nikiipa mgongo. Ubuntu ilipofunguka, waifai bado haikuwepo. Safari hii dkms status ilisema "installed", lakini modprobe wl ikatoa jibu jipya:

Key was rejected by service

Hapo ndipo BIOS ilipodai malipo yake. Kompyuta hii ilikuwa imeishi miaka yote huku kipengele kiitwacho Secure Boot kikiwa kimezimwa, na niliporudisha mipangilio ya kiwandani asubuhi, kiliwaka. Kazi yake ni kuzuia kerneli isipokee moduli isiyokuwa na sahihi ya ufunguo unaotambulika. Draiva zinazokuja na kerneli ya Ubuntu zimeshatiwa sahihi huko zinakotengenezwa. Moduli iliyojengwa dukani kwangu hutiwa sahihi na ufunguo uliozaliwa dukani kwangu, ambao mashine haiufahamu mpaka mwenyewe uketi mbele yake na kuutambulisha. Ile skrini ya bluu ndiyo ilikuwa fursa ya kuutambulisha, nami niliipa mgongo.

Niliomba fursa nyingine kwa amri hii:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Nikatunga nywila fupi, nikawasha upya na safari hii sikuondoa macho. Katika skrini ya bluu nilibonyeza kitufe, nikachagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo, nikakubali kuendelea, nikaandika nywila ile ile na kuruhusu mashine iwake tena. Nywila hiyo hutumika mara moja tu, hivyo haina haja ya kuwa ndefu, na ni busara isiwe na alama za ajabu, kwa kuwa katika skrini ile kibodi husomwa kwa mpangilio wa Marekani. Ningeweza pia kukizima kipengele hicho kama kilivyokuwa zamani, na watu wengi hushauri hivyo kwa sababu ni kazi ya dakika moja. Niliona heri kukiacha, maana ufunguo ukishatambuliwa DKMS huendelea kuzitia sahihi moduli zinazofuata bila kuniuliza, na hii ni mashine inayochomekwa flashi za kila mtu.

Alama ya waifai ilirudi saa tisa kasoro mchana.

Tangu siku hiyo walimu wawili wamekuja na kompyuta zao zikiwa na tatizo la waifai kama yangu, na zote mbili chanzo chake kilikuwa tofauti, kwa hiyo sitaki msomaji aende kukimbilia bcmwl kabla hajaona lspci inasema nini. Ya kwanza ilikuwa na kadi ya Intel, ambayo draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli na haina haja ya DKMS hata kidogo. Kilichokosekana ni fimwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe inapowaka. Dalili yake hupatikana kwa sudo dmesg | grep -i firmware, ambapo utaona majina ya faili zilizotafutwa zikakosekana, na tiba yake ni kusakinisha upya kifurushi cha linux-firmware. Kifurushi hicho ni kikubwa mno, kinahesabika kwa mamia ya MB, na kwa hicho sishauri bando la simu.

Ya pili ilikuwa na Realtek RTL8723BE, na waifai yake haikutoweka; ilionekana, lakini ikawa inashika mtandao ikiwa imewekwa karibu kabisa na kifaa, na ukirudi hatua mbili inakata. Ugonjwa huu unafahamika: kompyuta kadhaa zenye chipu hiyo zilifungwa antena moja tu kati ya mbili, na draiva husikiliza upande usiofungwa kitu. Hutengenezwa kwa kuandika mstari mmoja katika faili ndani ya /etc/modprobe.d:

options rtl8723be ant_sel=2

Ikiwa 2 haisaidii, jaribu 1, na uwashe upya kila baada ya kubadilisha. Mwalimu huyo alikuwa ameshaandika mstari huo miaka iliyopita, kisha alipopandisha toleo aliamua kufuta diski na kusakinisha upya, na mstari wake ukaenda na diski. Hakukumbuka kwamba uliwahi kuwepo mpaka nilipouandika mbele yake, akasema, "Ee, hiki kitu nakijua!"

Ukutani, juu ya mashine ya kudurufu, nimebandika karatasi yenye jina la chipu, namba 14e4:4365, jina la kifurushi chake na zile amri tatu, zimechapwa kwa herufi kubwa ili nizisome hata umeme ukiwa umekatika. Jioni ya Jumapili ile, kabla ya kufunga, nilifungua kabrasha la picha za pasipoti na kufuta zote za zaidi ya mwaka mmoja. Ilinichukua dakika nne, na nafasi iliyopatikana ilikuwa GB 19. Vifurushi vya heda nilivyovifagia Jumamosi, vikijumlishwa vyote, havikufika MB 300.